UZI: Unasaga karanga nyumbani na unataka leseni? Fuata mpangilio huu, usimpe kishoka hata shilingi

Karanga_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Juzi kuna dada aliuliza humu namna ya kuhalalisha biashara ya siagi ya karanga anayotengenezea nyumbani. Haikupita saa, watu watatu wakawa wameshamwambia atafute laki nne ampe fulani "amkamilishie kila kitu". Akaishia kusema bora aendelee kuuza kimyakimya kwa majirani. Imeniuma sana, maana makaratasi haya ukiyafuata kwa miguu yako mwenyewe ni nafuu kuliko mashine ya kusagia, na mengine hutolewa bure. Naandika kwa mtu wa Bara anayesindika chakula kidogo kidogo nyumbani kwake. Anayeshona nguo au kusuka mikeka aruke pale nitakapogusa TBS (Shirika la Viwango) ya chakula, yaliyobaki yanamhusu.

Kabla ya ofisi yoyote, naanza na karanga zenyewe. Karanga zikivunwa na kuhifadhiwa na unyevu hushika ukungu, na ukungu huo huacha sumukuvu. Kuna imani imeenea kwamba ukizikaanga vizuri moto unamaliza kila kitu. Ukungu unakufa, sumu inabaki. Wakubwa humu wanakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walivyopoteza maisha kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Ndiyo maana viwango vya Afrika Mashariki vinataka sumukuvu yote kwa jumla isizidi maikrogramu 10 kwa kilo, na ile kali zaidi, aina ya B1, isizidi 5. Hicho ni kiasi kidogo mno kwa jicho na kwa ulimi.

Jicho halioni sumu, ila linaona karanga mbaya. Mimi na binti zangu tunachambua asubuhi, barazani, jua likiwa limeshatoka. Karanga zinamwagwa kwenye ungo kiganja kwa kiganja, si kilo nzima kwa mara moja. Iliyosinyaa inatoka, iliyovunjika inatoka, yenye doa la kijani au jeusi inatoka, iliyotobolewa na mdudu inatoka. Tukishamenya maganda baada ya kukaanga tunachambua tena, maana nyingine hujificha ndani ya ganda jekundu, na ukiipasua katikati unakuta kimstari cheusi. Zilizotoka hazipewi kuku wala hazipelekwi kwa muuza kashata. Zinafukiwa. Anayeona hiyo ni hasara asianze biashara ya karanga, auze kitu kingine.

Kingine ni chumba. Hapa ndipo wengi wanakwama, na hakuna kishoka atakayekusaidia. Jiko unalopikia ugali wa watoto halitakubalika kusajiliwa kama eneo la kusindika chakula. Chumba kikubwa hakihitajiki, kinahitajika cha peke yake: mlango wake usiingilie chumbani kwa watu, sakafu na kuta zioshike, madirisha yawe na wavu, pawe na maji ya kunawa, na karanga mbichi zisikae pamoja na siagi iliyokwisha fungashwa. Stoo ya uani inatosha ukiiweka sawa: plasta laini, rangi ya mafuta mpaka usawa wa kichwa, saruji ya kusuguliwa chini, meza moja inayooshika. Mwite afisa afya wa kata aje akione kabla hujapaka rangi, akuambie kinachopungua. Anayeshika chakula naye apime afya na awe na kadi, na vipimo hivyo hurudiwa kila miezi sita.

Sasa makaratasi. Nitayapanga jinsi yanavyovutana, kwa sababu ukiruka moja utarudishwa.

Serikali ya mtaa kwanza. Barua ya utambulisho kwamba unaishi hapo na unafanya kazi hiyo. Hilo ni la nusu siku.

Jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), kama unataka jina. Hapa watu wengi hawajui: ukifanya biashara kwa majina yako kamili, bila kuongeza neno lolote, sheria haikulazimishi kusajili jina la biashara. Ukiweka "Fulani Foods" au "Mama Fulani Products", unasajili. Unaingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni kwa namba yako ya NIDA, unatafuta kama jina halijachukuliwa, unajaza, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu. Jumla Tsh 20,000. Cheti unakipakua mwenyewe. Anayekudai laki kwa kazi hii anakuuzia kutojua kwako kompyuta, basi.

TIN (namba ya mlipa kodi), TRA. Ni bure, naomba mlishike hilo. Na kama ulishachukua TIN kwa ajili ya leseni ya udereva, usiombe nyingine. Mtu mmoja ana TIN moja tu. Nenda uiombee ibadilishwe kuwa ya biashara. Hapo ndipo utakaa na afisa akukadirie kodi ya mwaka, na baada ya hapo unapata cheti cha kuthibitisha kwamba huna deni, ile wanayoiita klirensi.

Leseni ya biashara. Sheria yake ni ya 1972, na imegawa biashara makundi mawili. Kundi A leseni zake hutolewa na BRELA, kundi B hutolewa na halmashauri. Wadogo wengi wa nyumbani tuko B. Siku hizi unaomba kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unaambatisha TIN, klirensi na uthibitisho wa eneo. Leseni inaishi miezi 12 tangu siku iliyotolewa.

Mwisho TBS, na hapa pitia SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo). Zamani chakula kilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), ndiyo maana mpaka leo utaona makopo ya zamani yenye jina hilo. Tangu Julai 2019 kazi ya chakula na vipodozi ilihamia TBS. Msindikaji mdogo anakwenda ofisi ya SIDO ya mkoa wake, wanamtembelea, wanampa barua ya utambulisho, na kwa barua hiyo gharama za alama ya ubora kwa miaka mitatu ya mwanzo anabebewa na Serikali. Nawaomba mrudie kuisoma sentensi hiyo. Watu wanaogopa TBS kwa sababu ya gharama ambayo kwa mdogo haipo.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyoweza.

---

Shangazi_Kigamboni

Dada yangu Mungu akubariki. Swali langu ni la mpangaji. Mimi nimepanga vyumba viwili, stoo moja ya uani nimeomba niitumie. Mwenye nyumba kasikia neno TRA akasema nihame kama nataka kuleta serikali kwake. Nifanyeje?

---

Mhasibu_wa_mtaa

Shangazi shikamoo. Ngoja niingie hapo, ni eneo langu la kazi.

Mwenye nyumba anaogopa vitu viwili. Kwanza, mkataba wa pango unaoupeleka TRA unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Stoo ikiwa ya Tsh 50,000 kwa mwezi, mwaka ni 600,000, ushuru ni 6,000. Pili ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Kwa stoo yako ni 60,000 kwa mwaka. Kisheria hiyo asilimia 10 ni kodi yake yeye mwenye nyumba, wewe unaizuia kwenye pango unalompa na kuipeleka TRA kwa niaba yake. Mtaani wapangaji wengi wanaishia kuibeba wenyewe ili wasigombane.

Ushauri wangu kwa heshima: usiandikishe nyumba nzima. Fanyeni mkataba wa stoo peke yake, wenye kiasi cha stoo peke yake. Ukimwonyesha kwamba kinachozungumzwa ni 60,000 kwa mwaka na si nyumba yake yote, wazee wengi wanapoa. Nenda na mtu mzima anayemheshimu, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, usiende na karatasi mkononi siku ya kwanza.

Na kwa wote, naomba niongezee kwenye makadirio, maana mleta uzi amepita haraka na ndipo pesa inapopotelea.

Mfanyabiashara mdogo asiyelazimika kupeleka hesabu zilizokaguliwa anakadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa jedwali lililoanza 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Zaidi ya 4 hadi 7: usiye na kumbukumbu za mauzo unalipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Zaidi ya 7 hadi 11: usiye na kumbukumbu 250,000, mwenye nazo 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Chukueni mfano wa mama anayeuza milioni 6 kwa mwaka. Akiwa na daftari: 3% ya milioni 2 ni 60,000. Asipokuwa nalo: 100,000. Mwenye milioni 9: na daftari ni 90,000 na 60,000, jumla 150,000. Bila daftari: 250,000. Yaani daftari la shilingi elfu mbili linaokoa laki nzima. Sheria ya Fedha hubadilika kila Julai mosi, kwa hiyo kabla hujakaa mezani omba jedwali la mwaka huo, lipo wazi kwenye tovuti ya TRA.

Sasa kinachotokea mezani. Afisa anauliza, "Unauza shilingi ngapi kwa siku?" Mtu anajibu siku yake nzuri: "Kama elfu hamsini hivi." Afisa anazidisha kwa siku 365, inakuja 18,250,000. Wewe uliyekuwa na siku mbili za elfu hamsini kwa mwezi na nyingine zote elfu nane, umejiweka zaidi ya milioni 11 kwa mdomo wako. Afisa hajakuonea, amepiga hesabu ya ulichosema. Nenda na daftari la miezi mitatu, tarehe, makopo, bei, jumla. Mwezi wenye mauzo kidogo nao umo. Hapo mazungumzo yanabadilika kabisa.

Kodi ikishakadiriwa inalipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Na Sheria ya Fedha ya 2019 ilimpa mfanyabiashara mpya nafasi ya miezi sita tangu apate TIN kabla ya kuanza kulipa. Uliza kuhusu hilo ukiwa mezani.

---

Shangazi_Kigamboni

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Nitampelekea mzee kupitia kwa mwenyekiti.

---

Mkongwe_Kkoo

Naheshimu aliyeleta uzi lakini napinga mpangilio. Nipo sokoni tangu kijana. Ninyi mnamwambia mtu apake rangi stoo, apime afya, aende BRELA, TRA, TAUSI, SIDO, wakati hajui kama kuna mtu atarudi kununua kopo la pili. Biashara nyingi za nyumbani zinakufa ndani ya mwaka wa kwanza kwa kukosa wateja, wala si kwa kukosa leseni. Mwache auze kwanza kwa majirani na ofisini kwa shemeji yake. Zikinunuliwa, ndipo afuate hayo. Amepiga mkeka wa makaratasi, mtaji umeisha, atauza nini?

---

Karanga_Tabata

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako ina uzito na siwezi kuipuuza. Kwa kashata za kuuza uani kwa watoto wa jirani, nakubaliana nawe, na ndiyo maana kikaletwa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo Desemba 2018, kwa Tsh 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Mtu anaweza kuanzia hapo.

Lakini angalia nilivyopanga: karanga na chumba nimeviweka kabla ya ofisi yoyote. Hivyo viwili havisubiri mteja wa pili, kwa sababu mteja wa kwanza ni mtoto anayepakiwa siagi kwenye mkate kila asubuhi kabla ya shule. Mtoto huyo hajui kama mimi bado niko kwenye majaribio. Makaratasi mtu anaweza kuyachukua taratibu, mwezi huu hili, mwezi ujao lile. Usafi na kuchambua, hapana.

Na milioni 4 tusiione kubwa. Ni kama 11,000 kwa siku. Kopo likiwa la Tsh 7,000, makopo 11 kwa wiki yanakufikisha hapo. Mama mwenye kikundi kimoja cha WhatsApp cha wazazi wa shule anaipita bila kujua.

---

Mkongwe_Kkoo

Marahaba. Kwenye karanga na mtoto hapo umenimaliza, naafiki. Ninabaki na msimamo wangu kwenye rangi ya mafuta.

---

Kibaigwa_Store

Mimi nanunua na kuuza karanga na mahindi huku Kongwa. Nataka kuunga mkono kipande cha kwanza kwa upande wa muuzaji. Ninyi wasagaji mnanunua kwa macho: rangi nzuri, punje kubwa, bei ndogo. Ulizeni zimekaushwaje. Karanga zilizoanikwa chini kwenye udongo na zilizoanikwa kwenye turubai si sawa. Ulizeni pia kama zimelowekwa ili zimenyeke kirahisi, maana kuna wamenyaji huzilowesha maji kulainisha ganda la nje, na unyevu huo unaingia kwenye gunia na unabaki humo safari nzima hadi Dar. Chukua punje mkononi, itikise: iliyokauka inalia kwenye ganda lake. Iliyomenywa, ivunje: inatakiwa ipasuke kwa kishindo, si kupinda.

Mkinunua gunia msiliweke sakafuni wala kuligusisha ukutani. Lipandisheni juu ya mbao, hewa ipite chini. Na msinunue za miezi sita kwa sababu bei imeshuka, Dar ina joto na unyevu kuliko huku kwetu.

---

Fundi_Nyamagana

Swali la mashine. Nimepata ya kusagia ya umeme, nimeifunga nyumbani Mwanza. Mwezi wa pili uniti zikaanza kuisha kwa kasi, pesa ile ile napata uniti chache. Wamenikata nini?

---

Mhasibu_wa_mtaa

Mkuu, hujakatwa. Nyumba yenye matumizi madogo iko kwenye kundi la D1, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini. Mashine imekuvusha hapo, unahamia T1 ambako uniti ni ghali zaidi. Ingiza hiyo bei kwenye hesabu ya kopo. Wengi wanahesabu karanga, kopo na lebo, umeme wanaulipa kwenye pesa ya nyumbani halafu wanasema biashara ina faida. Ukiweza weka mita ya pili ya stoo. Na kwenye karanga hesabu kinachobaki: kilo ya mbichi ukishachambua, kukaanga na kupeta haibaki kilo.

---

Karanga_Tabata

Kwangu inabaki kama gramu 800. Msimu mbaya inashuka chini ya hapo, na mimi huandika kila mzigo uliingia kilo ngapi ukatoka kilo ngapi. Mzigo ukitoa uchafu mwingi, muuzaji huyo sirudi kwake.

---

Mwana_wa_Unguja

Asalaam alaykum. Kwa ndugu zetu wa Visiwani, tafadhali msije mkafuata uzi huu neno kwa neno. Jina la BRELA halivuki maji. Huku jina unasajili BPRA, viwango ni ZBS, chakula ni ZFDA, kodi zisizo za Muungano ni ZRA. Nimeona mtu ana kopo la achari ya embe limeandikwa kila kitu cha Bara, na yeye yupo Bububu.

Kingine, kwa wote: jina la biashara si alama ya biashara. Cheti cha jina kinakuandikisha wewe, hakimzuii mwengine kutumia nembo kama yako kwenye kopo. Nembo inasajiliwa peke yake, na Bara na Zanzibar ni maombi mawili mbalimbali.

---

Kisauni_Mashariki

Nami nawasomea kutoka Mombasa. Kwetu mpango ni tofauti kidogo: jina la biashara kupitia eCitizen, PIN ya KRA, kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya, kisha KEBS kwa viwango vya bidhaa. Ila kile kipande cha karanga ni chetu sote. Mwaka 2004 tulipoteza watu 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo, upande wa Ukambani. Na baadaye KEBS ilizuia chapa kadhaa za siagi ya karanga madukani kwa sababu hiyo hiyo. Hizo zilikuwa na vibali tayari. Dada wa Tabata, endelea kulisema hilo, usichoke.

---

Kikundi_Tumaini

Tuko akina mama sita, Mbeya. Mtaji unatusumbua. Ile mikopo ya halmashauri imerudi kweli?

---

Karanga_Tabata

Imerudi, mama zangu. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Haina riba. Kikundi cha wanawake kiwe na watu wasiopungua watano, kwa hiyo ninyi sita mmetosha. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awasajili kikundi, muwe na katiba na akaunti ya benki ya kikundi. Mkiandika andiko la mradi, wekeni hesabu za kweli za kopo moja, kama Mhasibu alivyoeleza hapo juu. Maafisa wanasoma maandiko mengi yanayofanana, lenye hesabu ya kopo linaonekana haraka.

Na mkubaliane kabla ya pesa kuingia nani anakaanga, nani anauza, nani anashika daftari. Iandikeni kwenye katiba. Vikundi vingi vinavunjika kwa maneno ya jikoni pesa ikishaingia.

---

Dada_wa_Kimara

Dada Karanga, ni mimi niliyeuliza juzi. Nimesoma uzi wote tangu mwanzo mara mbili. TIN ninayo ya leseni ya udereva, kumbe inatosha. Stoo ni ya nyumba ya baba, marehemu mama ndiye alikuwa akiitumia kufugia kuku, miaka mingi haitumiki. Maswali yangu ni mawili. Uthibitisho wa eneo nitatoa wapi kama nyumba ni ya baba? Na lebo niandike nini? Nilikuwa nimechapisha karatasi ya kawaida yenye jina tu na namba ya simu.

---

Karanga_Tabata

Pole na hongera kwa pamoja mdogo wangu. Kwenye nyumba ya baba: baba aandike barua kwamba amekuruhusu kutumia stoo, aisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa nao wagonge muhuri, uambatishe nakala ya kitambulisho chake na nyaraka ya nyumba aliyonayo. Mimi nipo kwenye nyumba ya familia na ilikubalika hivyo. Kwa kuwa palifugwa kuku, bandua plasta ya zamani yote, usipake juu yake. Chokaa, plasta mpya, ikauke kabisa, halafu rangi. Afisa afya atakuuliza historia ya chumba, mwambie ukweli.

Lebo: jina la bidhaa kwa maneno yanayoeleweka, "Siagi ya Karanga". Viambato vyote kuanzia kilicho kingi: karanga, sukari, chumvi, chochote ulichoweka. Uzito halisi bila kopo. Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya mzigo. Jina na anuani ya mtengenezaji, nchi, na namna ya kuhifadhi. Namba ya mzigo usiidharau. Mteja akilalamika leo, unafungua daftari unajua karanga zile zilitoka kwa nani, zilikaangwa siku gani, na makopo gani mengine ya kuyarudisha. Mimi naandika tarehe na herufi ya muuzaji, inatosha.

Uzito ukiandika gramu 400 ziwe 400 kweli. Mizani ya jikoni ya kuning'iniza au ile ya kuoka keki haitambuliki. Nunua ya biashara, ipeleke Wakala wa Vipimo waihakiki na kuibandika stika, na kila mwaka unarudia. Msimbo wa mistari (barcode) usiuhangaikie sasa. Utauhitaji siku supamaketi ikikubali kukupokea, na wa kwetu unaanzia na 620, unaupata GS1 Tanzania. Kwa Mangi na kwa wazazi wa shule hauna kazi.

Usichapishe lebo elfu moja. Chapisha mia, maana TBS wakikagua wanaweza kukuambia rekebisha neno au ongeza kitu.

---

Dada_wa_Kimara

Asante sana. Je, nianze na SIDO kabla ya leseni au baada? Naona hapo ndipo naogopa zaidi.

---

Karanga_Tabata

Waone SIDO mapema, hata kesho. Huhitaji leseni kuingia mlangoni kwao. Uliza ratiba ya mafunzo ya usindikaji, jiandikishe, na waambie una stoo unaitengeneza ili wapange kuitembelea ikishakuwa tayari. Wakati plasta inakauka wewe unashughulikia barua ya mtaa, kubadilisha TIN na jina BRELA. Anza daftari leo hii hii, hata kwa makopo machache unayouza kwa majirani, ili ukikaa mezani TRA uwe na kitu cha kuonyesha.

Nimekutumia ujumbe pembeni. Wiki ijayo nakwenda SIDO kufuatilia barua ya bidhaa yangu ya pili, twende wote. Beba nakala mbili za NIDA na kopo moja la siagi yako lenye ile lebo ya zamani, wataanza na hilo kukuelekeza.

---

Mkongwe_Kkoo

Binti wa Kimara, ukiwa tayari kununua makopo matupu pita kwangu Kariakoo, nitakuonyesha yanakochukuliwa kwa jumla. Yenye mfuniko wa kukaza na karatasi ya kuziba ndani, si yale mepesi yanayovuja mafuta. Na ile rangi ya mafuta, nina ndoo nusu imebaki dukani, njoo uichukue.